Saa ya bei mbaya: butiki rasmi, dila, au maduka ya Deira, hela yako iende wapi?

Hili swali linakuja kila ndugu na jamaa wanapopitia Dubai kufunga mzigo. Mzigo ukishaenda kago na kahela kamebaki, mtu anaanza kuulizia saa, eti nikanunue pale Dubai Mall kwenye duka lenyewe la kampuni au nishuke zangu Deira, ule mtaa wa zamani wa biashara, mbona huko nasikia ni saa hiyo hiyo kwa bei nyingine? Na kila mtu anataka jibu la neno moja. Neno moja halipo, maana inategemea kwanza unataka saa gani. Kuna saa ambazo butiki ndo sehemu rahisi kuliko zote, na wala sijakosea kuandika, na kuna saa ambazo ukinunua butiki umelipia AC na kahawa.

Hapa naongelea saa za kweli, za Uswisi na wenzake, kuanzia dola elfu tatu nne kupanda. Habari za feki nitazigusa kidogo tu huko mbele.

Kwanza tuelewane milango, maana watu wanaichanganya sana

Mlango wa kwanza ni butiki ya kampuni, duka la jina moja tu. Wa pili ni dila rasmi, anauza majina mengi lakini kila kampuni imempa ruhusa. Wa tatu ni soko la pembeni, saa mpya kabisa ila muuzaji hana ruhusa ya kampuni, kazipata anakokujua yeye. Wa nne ni mtumba, iliyokwisha valiwa.

Sasa mchanganyiko unaanzia hapa. Duka limeandikwa Rolex nje, kijani kitupu ndani, ukadhani umeingia kwa Rolex wenyewe. Sio. Rolex miaka yote imekuwa ikiuza kupitia madila, haikuwa na mtandao wa maduka yake mpaka ilipoinunua Bucherer, kampuni ya Uswisi yenye maduka ya saa, mwaka 2023. Kwa Emirates maduka ya Rolex yanaendeshwa na Ahmed Seddiqi, familia iliyoanza biashara ya saa tangu 1950, na ukivuka kwenda Muscat unamkuta dila mwingine, Khimji. Kwa hiyo kwa Rolex butiki na dila rasmi ni mtu yule yule, tofauti ni mapambo. Audemars Piguet wao wamefanya kinyume, wamejitoa karibu kabisa kwa madila wa majina mengi, saa mpya unaipata kwenye maduka yao basi. Omega na Cartier wana butiki na wana madila pia, na hapo ndo pa kutumia akili, nitaeleza.

Bei, hapa ndo penyewe

Chukua saa mbili zinazopendwa sana. Rolex Submariner isiyo na tarehe, bei ya kampuni inacheza kwenye dola 10,000 hivi kutegemea nchi na mwaka. Omega Speedmaster, ile iliyovaliwa na waliotua mwezini, bei ya kampuni dola 7,000 na kitu. Ukiwa na hela mfukoni ukaziona kwenye karatasi unasema hizi ni saa za daraja moja, tofauti ndogo tu.

Toka nje ya butiki uone maajabu. Submariner ile ile ukiikuta Deira mpya na karatasi zake, wanataka elfu 11, 12, wakati mwingine zaidi. Speedmaster ile ile, imevaliwa kidogo, haina hata mkwaruzo wa maana, boksi na kadi ya waranti vipo, unaipata kwa dola elfu 5 hivi. Yani moja ikitoka mlangoni imepanda, nyingine ikitoka mlangoni imeshuka kama gari jipya linavyoshuka likitoka shoo rumu. Rolex Daytona ya chuma ndo usiseme, nje inauzwa karibu mara mbili ya bei ya kampuni.

Kwa hiyo swali la "je butiki inalipa" kwanza linajibiwa na simu yako. Fungua Chrono24, soko la saa la mtandaoni, andika namba ya modeli (namba ya modeli, sio jina tu, maana Submariner ziko nyingi), angalia wanauza bei gani zikiwa na boksi na kadi, halafu linganisha na bei iliyoko kwenye tovuti ya kampuni. Kama huko nje iko juu ya bei ya kampuni, basi butiki ndo bei ya chini, ukiweza kuipata ichukue hapo. Kama huko nje iko chini, na saa nyingi sana ziko hivi, Omega, Breitling, TAG Heuer, IWC, Tudor nyingi, basi ile tofauti ndo unayolipia butiki, ujiulize unapewa nini kwa hiyo hela.

Halafu dila rasmi na butiki hawafanani kwenye kupatana. Butiki ya kampuni bei ni ile ile, ukiomba punguzo unapewa tabasamu. Dila rasmi wa majina mengi anaweza kukupunguzia, asilimia kumi kwa saa zisizogombaniwa sio ombi la aibu, na waranti unayopata ni ile ile ya kampuni, kadi ile ile. Sasa kama unataka Omega ya dukani mpya kwa nini uende butiki wakati dila rasmi anayo, anakupunguzia, na fundi wa kampuni akiangalia kadi haoni tofauti? Mi kwa saa za namna hii butiki naiweka nafasi ya mwisho, labda ni toleo maalum ambalo liko butiki tu.

Foleni

Basi umeshajua Submariner ni rahisi butiki, unaenda na hela yako, unaambiwa zilizopo kabatini ni za maonyesho. Sio za kuuza. Unaandikwa jina, unaulizwa unakaa wapi, unafanya kazi gani, ushawahi kununua kwetu. Mtu wa kupita kutoka Dar au Mombasa ambaye hana historia na duka nafasi yake ni ndogo, tusidanganyane, na saa za moto kama Daytona hiyo nafasi ni kama haipo. Wakaazi wa hapa hapa wanasubiri.

Duka lingine litakuzungusha kiaina, hakuna anayesema waziwazi ila unaelewa kwamba ukinunua hereni za mama watoto na kasaa kengine hivi jina lako litapanda. Hapo kuwa makini sana na hesabu. Ukinunua vitu vya dola elfu sita ambavyo hukuvihitaji ili upate saa kwa bei ya kampuni, ile faida ya elfu mbili ushaipoteza zamani, bora ungeenda Deira ukalipa hiyo ya juu siku hiyo hiyo ukapanda ndege.

Ila na hao wa Deira msiwaone malaika. Mwanzoni mwa 2022 bei za nje zilipanda kupita kiasi, watu wakanunua Nautilus ya Patek Philippe na Royal Oak ya Audemars Piguet na Daytona kwa bei za kizungumkuti wakiamini zitapanda tu. Patek walikuwa wametangaza kusimamisha Nautilus 5711 mwaka 2021, Desemba ya mwaka huo moja ya rangi ya buluu ya Tiffany, wale wauza vito wa Marekani, ikauzwa mnadani Phillips kwa dola milioni 6.5, basi kila mwenye saa akajiona tajiri. Kufika katikati ya 2022 bei zikaanza kuporomoka na zikaendelea. Aliyenunua butiki kwa bei ya kampuni hakuumia, aliyenunua nje kileleni aliumia na wengine bado wanazo. Hii ndo tofauti kubwa ya milango miwili, kwa saa inayogombaniwa butiki inakukinga na anguko, soko la pembeni linakuuzia na anguko lenyewe ndani.

Waranti

Rolex wanatoa miaka 5 tangu 2015, Omega miaka 5 tangu mwishoni mwa 2018, Tudor 5. Cartier, IWC na Jaeger-LeCoultre ni miaka 2 ila ukiisajili mtandaoni inafika 8, na watu wengi hawasajili, sijui kwa nini, ni dakika chache tu kwenye simu. Hii waranti ni ya dunia nzima.

Soko la pembeni mambo ni tofauti. Saa mpya lakini kadi ilishafunguliwa kwa mteja mwingine miezi minane nyuma, kwa hiyo waranti yako imeshaliwa miezi minane kabla hujaivaa. Wengine wanakupa waranti ya duka lao, yani ikiharibika fundi wao ndo ataifungua, na wewe uko Tabata au Kisauni na duka liko Deira. Hiyo waranti ni ya mdomo tu hata ikiwa na mhuri.

Lakini nayo waranti ya kampuni tusiikuze kupita inavyostahili. Haigusi kioo kilichopasuka, haigusi mkanda uliochakaa, haigusi wizi, haigusi maji yaliyoingia kwa sababu ulisahau kufunga kile kifunguo cha pembeni ukaruka baharini. Na ikishafunguliwa na fundi asiye wa kampuni imekufa. Saa nzuri ikiwa haina kasoro ya kiwandani unaweza kumaliza miaka mitano hujaidai kitu. Kwa hiyo kwa Speedmaster, unalipa dola elfu mbili zaidi kwa waranti ambayo sevisi nzima ya kampuni gharama yake ni mamia ya dola, pengine kukaribia elfu. Piga mwenyewe.

Kodi, hapa kuna hela ya bure watu wanaiacha

Emirates VAT ni asilimia 5, na bei ya kwenye kibandiko tayari imeihesabu. Ukiwa mtalii unarudishiwa asilimia 85 ya hiyo VAT, kasoro dirham 4.80 za ada. Tuseme saa ni dirham 35,000. VAT iliyomo ni kama 1,667, unarudishiwa 1,412 hivi, ambayo ni dola 380 na ushee. Sio hela ndogo. Ila lazima duka liwe kwenye mpango, wachukue pasipoti yako wakati wa kulipa, sio baadaye, na uwanja wa ndege uhakikishe kwanza kabla ya kukabidhi begi. Butiki na madila rasmi wako kwenye mpango huu. Maduka mengi ya mtumba huko vichochoroni hawapo, kwa hiyo ukilinganisha bei toa kwanza hiyo upande wa butiki ndo uone tofauti halisi. Mara nyingine tofauti iliyokuwa inakuvuta Deira inayeyuka hapo.

Ulaya kodi ni kubwa zaidi, Ufaransa asilimia 20, kwa hiyo marejesho ni manono. Uingereza walishafuta mpango huo tangu Januari 2021, London ukinunua umelipa mazima. Na ukirudi nyumbani kumbuka forodha nao wana lao, Tanzania bara VAT 18, Kenya 16, na ushuru juu yake. Hilo liweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuishika saa mkononi

Butiki unakaa kwenye kiti, unaletewa kahawa na tende, muuzaji kavaa glavu anaiweka saa kwenye kisinia cha ngozi, unajaribu, unapiga kioo, hakuna anayekuharakisha. Wanapima mkono, wanatoa pingili mbili tatu za mkanda, wanafunga upya, kadi wanaiandika tarehe ya siku hiyo. Hakuna unachotakiwa kukagua, na hiyo ndo bidhaa unayonunua zaidi ya saa, kutokagua. Kwa mtu asiyejua saa hiyo ina thamani yake kabisa, sibezi.

Deira kazi ni yako. Mwenye duka mzuri hakasiriki ukikagua, ukiona ananuna ondoka. Ishike saa ubavu, mkanda ulale wenyewe hewani, ukiona pingili zinaning'inia sana jua imevaliwa miaka. Angalia pembe za chuma pale mkanda unapoingilia, kiwandani zinatoka na kingo kali, ikishapigwa polishi mara nyingi zinakuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika na hilo halirudi tena, na wauzaji wanaita "kama mpya" kwa sababu inang'aa. Ulizia iwekwe kwenye kile kimashine cha kupima mapigo, kila duka la maana wanacho. Inawekwa pale, inasikilizwa, namba zinakuja. Rolex ya sasa inatakiwa isizidi wala kupungua sekunde 2 kwa siku kwa kiwango cha kampuni, ikiwa imejazwa ufunguo na ile namba ya nyuzi, yani gurudumu la ndani linacheza upana gani, iko 270, 280, 290 mashine ina afya, ikishuka chini ya 220 hapo sevisi inanukia na hiyo ni hela ya kukata kwenye bei.

Halafu ile namba ya seria. Rolex za sasa imeandikwa kwenye pete ya ndani inayozunguka uso wa saa, chini pale saa 12 Kiswahili, yani kwenye namba 6 ya mishale, ilingane na ya kwenye kadi. Ila feki za siku hizi zina kila kitu, pete iliyoandikwa, taji dogo kwenye kioo, uzito, mpaka kadi. Macho hayatoshi, ifunguliwe nyuma na mtu anayejua mashine. Mwisho kabisa ingiza hiyo seria Enquirus, tovuti ya bure iliyoanzishwa 2023 na Richemont, wenye Cartier na IWC, kwa ajili ya saa na vito vilivyoibiwa. Saa ya wizi ikija kuingia sevisi ya kampuni unaweza usiione tena, na hapo risiti ya kichochoroni haikusaidii.

Kuna mlango wa katikati nao, Rolex tangu mwisho wa 2022 wanauza mtumba wao wenyewe kupitia madila, imekaguliwa, ina waranti ya miaka 2. Shida ni bei, mara nyingi iko juu hata ya Deira. Kwa mwoga mwenye hela sawa.

Ukirudi nayo nyumbani

Hapa ndo waandishi wa huko nje hawafiki. Sisi tuna joto, tuna jasho, tuna chumvi ya bahari. Ile mipira inayozuia maji inachoka, na fundi wa barabarani hata awe hodari vipi, na wapo mahodari kweli pale Mombasa na Kariakoo, wengi hawana kifaa cha kupimia presha ya maji. Anafungua, anarekebisha vizuri tu, anafunga, saa inatembea, halafu mwezi unaofuata uko Bamburi kioo kimejaa ukungu. Kwa hiyo saa ya bei hii ihesabie kwamba itasafiri kwenda sevisi, Dubai au mbali zaidi, wewe au mtu wa kumwamini. Ukinunua butiki na kasoro ni ya kiwandani, matengenezo ni ya bure miaka ile ya waranti. Ukinunua mtumba ambao waranti imeisha ni ya kulipa. Na kabla hujafikiria kuogelea angalia mita zake, Submariner ni mita 300, ila ile Speedmaster pamoja na kwenda mwezini 1969 ni mita 50 tu, hiyo ni ya mvua na kunawa, bahari muachie mwenzake.

Kwa upande wa kuuza baadaye, anayenunua kwako atauliza boksi, kadi, risiti. Saa iliyokamilika inauzika haraka na bei nzuri kuliko iliyo uchi, hata kama ni ile ile. Asili ya saa inalipa sana wakati mwingine, zile Rolex alizokuwa anaagiza Sultani Qaboos kuwapa watu zawadi, zenye jambia la Oman usoni, mnadani leo zinapita mbali wenzao wasio na jambia. Sio kwamba yako itafika huko, ila usitupe kadi.

Sasa nani aende wapi

Ukitaka Rolex ya chuma na huna haraka, andika jina kwa dila wa mji unaokaa au unaoupita mara kwa mara, usiandike miji kumi, na uvae kitu kingine ukingoja. Una haraka na unaijua bei ya nje, nenda soko la pembeni macho yakiwa wazi, ila usiite uwekezaji. Ukitaka Omega, Breitling, TAG, IWC na unajua kukagua au una mtu wa kukukagulia, mtumba wa mwaka mmoja miwili wenye waranti ya kampuni iliyobaki, huo ndo mchongo bora kwenye biashara nzima, mwenzako kashakula hasara wewe unakula saa. Hujui kukagua na huna mtu, dila rasmi, omba punguzo, dai VAT yako.

Butiki yenyewe, kwa saa isiyogombaniwa, ningemshauri anayenunua zawadi. Mzee anastaafu, binti anaolewa, unataka boksi lifunguliwe mbele ya watu na kadi iwe na tarehe ya siku yenyewe, na miaka mitano mtu asisumbuke. Cartier Tank ya kwenye ndoa hainunuliwi kichochoroni, hata kama ingeokoa dola mia saba, akiuliza umenunua wapi utaanza kutafuta maneno. Bei hawatapunguza lakini mkanda wa ziada wa ngozi wanaweza kukupa ukiomba kwa heshima kabla hujatoa kadi ya benki, sio baada. Na zile pingili walizotoa wakati wa kupima mkono wazihesabu mbele yako waziweke kwenye boksi, maana mkono ukinenepa, pingili moja ya Rolex ukija kuitafuta peke yake inaweza kukutoa dola mia na zaidi.